Jembe na Kalamu katika Kambi za China

Mtu akitaja kambi ya wafungwa, jambo la kwanza linalotujia akilini ni seng'enge, mbwa, na askari mwenye bunduki. Katika vitabu vya Wachina waliopita katika kambi za kazi za nchi yao vitu hivyo vipo, lakini havikai mbele. Vinavyokaa mbele ni viwili tu: bakuli la uji na karatasi ya kuandikia. Bakuli mtu huelewa mara moja, maana njaa haihitaji mkalimani. Karatasi ndiyo iliyonishika mimi, niliyetumia miaka karibu arobaini kusahihisha maandishi ya watu wengine.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kusikia habari za mfungwa aliyenyimwa kalamu. Abdilatif Abdalla aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa siri, juu ya karatasi za chooni, akiwa amefungwa Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972. Ngũgĩ wa Thiong'o naye akafanya hivyo hivyo gerezani Kamiti mwaka 1978. Kwao kuandika kulikuwa ni kuvunja amri. Mfungwa wa China mambo yake yalikuwa kinyume: alipewa kalamu na kuamriwa aandike. Aandike makosa yake, aandike upya kwa kuwa mara ya kwanza hakusema yote, aandike habari za jirani yake wanayelala naye ubao mmoja. Kwa hiyo mwandishi aliyetoka huko akataka kusimulia yaliyompata, ilimbidi atumie kalamu ile ile aliyokuwa amefundishwa kudanganyia. Kwa maoni yangu vitabu vyote vya maana vilivyotoka katika kambi hizo vinahusu jambo hilo, hata pale vinapoonekana kuhusu viazi na matope.

Kwanza tuuelewe mfumo wenyewe. Wachina waliuita laogai, kifupi cha maneno yenye maana ya kurekebishwa kwa njia ya kazi. Kanuni zake zilitolewa mwaka 1954, miaka mitano baada ya Chama cha Kikomunisti kushika dola. Mwezi Agosti 1957 ikaongezwa aina ya pili, laojiao, yaani kuelimishwa kwa njia ya kazi. Tofauti ilikuwa hii: wa laogai alihukumiwa na mahakama na kupewa miaka yake, lakini wa laojiao alipelekwa na ofisi tu, bila kesi, na hapo mwanzo bila kuambiwa atatoka lini. Kulikuwa na aina ya tatu pia, ambayo nadhani ndiyo ya hila kuliko zote. Mtu alimaliza kifungo, akaitwa huru, kisha akapangiwa kazi hapo hapo kambini kama kibarua, pengine kwa maisha yake yote.

Msomaji aliyewahi kushika chaki atatambua kwamba maneno haya yametoka katika kabati letu. Kurekebisha, kuelimisha, mafunzo, maendeleo ya mhusika: ni lugha ya ripoti ya mwisho wa muhula. Sisi tuliofundisha baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulikuwa na shamba la shule, na mimi naliheshimu jembe mpaka leo. Mtoto aliyelima mhindi akauona unakua amejifunza kitu ambacho ubao hauwezi kumpa. Lakini mtoto yule jioni alikwenda kula, na likizo ikifika alikwenda kwa mama yake. Ukiondoa mambo hayo mawili, shamba linabaki lile lile, jembe lile lile, na wimbo ule ule wa asubuhi, lakini shule haipo tena.

Waliojaza kambi hizo si wezi na wauaji peke yao. Mwaka 1956 na mwanzoni mwa 1957 Mao Zedong aliwataka wasomi waseme wazi kasoro za Chama. Maua mia yachanue, ndivyo ilivyosemwa. Wakasema. Kuanzia Juni 1957 upepo ukageuka, na waliosema wakaitwa watu wa mrengo wa kulia. Hesabu ya serikali yenyewe iliyotolewa baadaye ni zaidi ya watu 550,000. Idara nyingi zilipewa kiwango cha kutimiza, na asilimia 5 ndiyo iliyotajwa sana, hivyo mkuu wa idara ambaye hakuwa na wapinzani ilimpasa awatafute. Walimu walikuwa wengi mno katika hesabu hiyo. Na mara baada ya hapo ikaja ile iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele, na njaa kuu ya mwaka 1959 hadi 1961. Watu wakafa vijijini kwa mamilioni; mtu anaweza kukisia hali ya kambini.

Maisha ya huko, kwa upande wa karatasi, yalielezwa mapema na mtu ambaye hakuwa Mchina kamili. Jean Pasqualini alizaliwa Beijing mwaka 1926, baba yake akitoka Corsica na mama yake akiwa Mchina. Alikamatwa Desemba 1957, akahukumiwa miaka 12, na aliachiwa mwaka 1964 baada ya Ufaransa kuitambua serikali ya Beijing. Kitabu chake, Prisoner of Mao, kilitoka mwaka 1973. Humo hakuna mateso mengi ya kupigwa. Kuna chumba, kuna kikundi cha wafungwa, na kila jioni baada ya kazi kuna somo. Katika somo hilo mtu hujikosoa, kisha wenzake humkosoa, na akinyamaza kunyamaza kwake huwa kosa jipya. Chakula hugawanywa kwa kadiri ya kazi na mwenendo, kwa hiyo anayemchongea mwenzake anajua kabisa anachochongea. Kabla hata hajahukumiwa, Pasqualini aliandikishwa ungamo la kurasa mamia, la maisha yake yote tangu utotoni. Anaeleza jinsi mtu anavyofika mahali pa kuyaamini aliyoyaandika, kwa kuwa ameyaandika mara nyingi na kwa mwandiko wake mwenyewe.

Neno hilo la kujikosoa wazee wenzangu wanalikumbuka, maana lilivuma sana katika mikutano na semina zetu za siasa. Huku kwetu kujikosoa kuliishia kwenye makofi na soda. Tulikuwa na sababu za kuipenda China. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961. Kitabu kidogo chekundu cha Mao kilitufikia kwa Kiswahili. Na kati ya mwaka 1970 na 1975 mafundi wa Kichina walijenga nasi reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na baadhi yao wamezikwa katika ardhi yetu. Mtu asinielewe vibaya: deni hilo la shukrani ni la kweli. Hata hivyo sauti ile tamu ya redio ilianza kutufikia mwaka ule ule ambao kambi nitakayoieleza mwishoni ilikuwa inafungwa, na haikutuambia neno lolote juu yake.

Ndani ya China kwenyewe mambo haya hayakuandikwa mpaka Mao alipokwisha kufariki mwaka 1976 na watu kuanza kurudishiwa heshima zao. Mwaka 1979 Cong Weixi, aliyekaa kambini kiasi cha miaka ishirini, alichapisha hadithi kuhusu ua jekundu chini ya ukuta wa gereza, na kutokana nayo aina nzima ya maandishi ikaitwa fasihi ya ukuta mrefu. Shujaa wake ni afisa wa idara ya kambi hizo hizo, ambaye siasa inageuka naye anafungwa pamoja na watu aliokuwa akiwasimamia. Anauawa akichuma maua meupe kwa ajili ya maombolezo ya Waziri Mkuu Zhou Enlai, na maua yanageuka mekundu kwa damu yake. Ilikuwa hadithi ya ujasiri kwa wakati wake, na wasomaji wa Kichina waliililia. Mimi naiona bado imeandikwa kwa kalamu ya kambini. Mfungwa ni mtiifu kupita wanaomfunga, na kosa la kambi linakuwa ni kumfunga mtu asiyestahili, kana kwamba wapo wanaostahili kufungwa namna ile.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Zhang Xianliang. Alizaliwa Nanjing mwaka 1936 katika nyumba ya watu wenye nafasi, baba yake akafia gerezani, na yeye kijana akahamia Ningxia, nchi kavu ya kaskazini-magharibi, ambako alipata kazi ya ualimu. Mwaka 1957 alichapisha shairi refu kuhusu upepo mkubwa. Shairi hilo moja lilimgharimu miaka 22 ya kwenda na kurudi kati ya kambi na mashamba ya serikali. Aliachwa huru kabisa mwaka 1979. Alifariki mwaka 2014, tajiri na mashuhuri, mmiliki wa kiwanja cha kupigia filamu huko huko Ningxia. Maisha ya watu wengine hayakubali kupangwa katika insha.

Kitabu chake Mimosa, cha mwaka 1984, kinaanza siku ya kutolewa kambini mwaka 1961. Mhusika wake ana miaka 25, na bado ni mfupa na ngozi. Ana kopo la maziwa ya unga alilolitengeneza likawa chombo chake cha kulia. Wenzake wana mabakuli mapana. Yeye kopo lake ni refu na jembamba, linamdanganya mpishi macho, naye mpishi anaongeza upawa kidogo. Kijana amekwisha kulipima: ziada ni sentimita za ujazo 100 kila mlo. Analiringia kopo hilo kama msomi anavyoringia uvumbuzi. Na kwa kweli ndivyo elimu yake yote ilivyokwisha kuwa, maana fizikia, hesabu na mantiki vyote vinatumika kupata uji. Kuna mahali anamzungusha mkulima mmoja kwa hoja za haraka haraka juu ya bei ya viazi na karoti mpaka mkulima anapunjika huku akidhani amepata faida. Mwandishi hamtetei, na wala hamlaani. Anatuonyesha tu kambi ilichofundisha.

Kisha mwanamke mmoja wa pale shambani, aitwaye Ma Yinghua, anamkaribisha ndani na kumpa mkate mweupe wa kupikwa kwa mvuke, kitu ambacho hakukiona miaka. Kijana anapougeuza mkate anaona alama ya kidole imebaki kwenye unga, duara ndogo ndani ya duara. Chozi linamdondoka. Kwa miaka minne kila alichokula kilipimwa kwa mizani na kuandikwa; hiki kimekandwa na mtu. Nimesoma maelezo mengi ya njaa katika maisha yangu, ya Warusi, ya Wajerumani, na ya watu wetu, na sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi tofauti kati ya posho na chakula.

Ningependa kitabu kingeishia karibu na hapo. Kinaishia mbali: mhusika anasoma kitabu kikubwa cha Marx usiku, anapata nuru, na katika ukurasa wa mwisho, mwaka 1983, anatembea juu ya zulia jekundu katika Ukumbi Mkuu wa Umma mjini Beijing, akiwashukuru wakulima waliomlea. Wahakiki wengine husema mwandishi aliamini hivyo, wengine husema ndiyo ilikuwa nauli ya kupita kwa mhariri. Mimi kwangu mwisho ule unanuka ungamo. Mwanafunzi ameshukuru kiboko. Tena katika vitabu vyake wanawake wapo ili kumlisha na kumwamsha mwanamume msomi, kisha huachwa nyuma. Wanafunzi wangu wa kike wasingemwacha salama.

Yaelekea naye mwenyewe hakutosheka. Baadaye alirudi kwenye shajara aliyoiandika kambini mwaka 1960, akatengeneza kitabu kinachojulikana kwa Kiingereza kama Grass Soup, yaani supu ya majani, kilichotoka katika lugha hiyo mwaka 1994. Mpango wake ni mwepisi. Anaweka maneno ya siku moja kama yalivyo, mafupi sana, labda kazi iliyofanywa au mkutano uliokuwepo. Kisha anaeleza kwa kurasa kadhaa kile ambacho maneno hayo yaliogopa kusema. Shajara ya kambini iliandikwa kwa kujua kwamba wakati wowote nyapara au askari angeweza kuifungua. Kwa hiyo penye njaa hapakuandikwa njaa. Penye mtu aliyekufa usiku pakaandikwa kwamba fulani hayupo. Miaka thelathini baadaye mtu yule yule anakaa mezani na kuusahihisha mwandiko wake mwenyewe kwa wino wa rangi nyingine. Hapa ndipo ninapomvulia kofia, kwa kuwa anawafunua wote wawili: askari aliyekuwa akisoma, na kijana aliyekuwa akiandika ili asomwe na askari.

Wapo waliokwenda njia ya ushahidi wa moja kwa moja. Wu Hongda, ajulikanaye zaidi kwa jina la Harry Wu, alikamatwa mwaka 1960 akiwa mwanafunzi, akatoka mwaka 1979, akahamia Marekani mwaka 1985. Kitabu chake Bitter Winds cha mwaka 1994 ni cha mtu mwenye hasira na haki ya kuwa nayo. Ninalolikumbuka zaidi humo ni mfungwa mwenzake, mtu wa shamba asiyesoma, aliyemfundisha kuchimba mashimo ya panya ili kupata nafaka walizoweka akiba ya baridi. Huyo ndiye mwalimu wa kweli katika kitabu chote, na hakuwa ameajiriwa.

Kizazi kilichofuata, ambacho hakikufungwa, nacho kimeandika. Yan Lianke, aliyezaliwa mwaka 1958 mkoani Henan, ametunga riwaya iitwayo Vitabu Vinne. Haikupata mchapishaji China bara, ikatoka Hong Kong na Taiwan. Kambi yake iko karibu na Mto Manjano. Mkuu wake anaitwa Mtoto, na kweli ni kama mtoto. Wafungwa hawana majina ila kazi zao za zamani: Msomi, Mwanamuziki, Mtu wa Dini, Mwandishi. Anayefanya vizuri hupewa ua la karatasi, na maua yakitosha huahidiwa nyota, na nyota zikitosha huahidiwa kwenda nyumbani. Nani kati yetu hajagawa nyota darasani? Mwandishi anapewa karatasi na wino ili awapeleleze wenzake na kuyaandika makosa yao. Kwa wino ule ule anaandika kwa siri kitabu cha pili, cha kwake. Yan amekigeuza kuwa umbo la riwaya nzima kile ambacho Zhang alikiona katika shajara yake: mkono mmoja, vitabu viwili. Mwandishi huyo anamwagilia ngano yake kwa damu ya mwili wake mpaka masuke yanakuwa ya ajabu. Wasiopenda mambo ya ajabu watachoka. Mimi nilivumilia, na nafurahi kwamba nilivumilia.

Maneno yenyewe yamebadilika tangu hapo. Sheria ya magereza ya mwaka 1994 iliacha kutumia jina laogai, ikasema magereza tu. Laojiao ilifutwa Desemba 2013. Lakini kuanzia mwaka 2017 dunia ikasikia habari za kambi za Xinjiang, walikowekwa Wauyghur na Waislamu wengine kwa mamia ya maelfu, na serikali ikaziita vituo vya mafunzo na stadi za kazi. Desemba 2019 ofisa wa jimbo alitangaza kwamba wote waliokuwemo wamehitimu. Tahir Hamut Izgil, mshairi wa Kiuyghur aliyewahi kukaa laojiao katika miaka ya 1990, ameandika juu ya kungoja usiku mlango ugongwe, katika kitabu kilichotoka mwaka 2023. Neno hilo, wamehitimu, nimelitamka katika mahafali mengi, na siku nilipolisoma katika habari ile nilifunga gazeti.

Nimekiweka mwisho kitabu kilicho kigumu zaidi kusoma. Huko Gansu, karibu na mji wa Jiuquan, ukingoni mwa jangwa, palikuwa na kambi ya Jiabiangou. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1957 walipelekwa hapo watu karibu 3,000 wa mrengo wa kulia: walimu, madaktari, wahandisi, makarani. Kazi yao ilikuwa kuchimba mitaro ili kuondoa chumvi katika ardhi isiyoota kitu. Ardhi haikupona. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1960 wengi wao walihamishiwa Mingshui, mahali pasipo na nyumba, wakaishi katika mashimo waliyoyachimba ardhini, na baridi ikaja. Walikula mbegu za magugu, magome na wadudu. Serikali ilipowaruhusu walionusurika waondoke, Januari 1961, karibu nusu ya wote walikuwa wamekufa, na wapo wanaosema ni zaidi ya nusu.

Mwalimu mmoja wa uchoraji, Gao Ertai, aliyefungwa kwa sababu ya insha juu ya maana ya uzuri, alitolewa Jiabiangou mwaka 1959 akapelekwa Lanzhou. Dola lilikuwa linatimiza miaka kumi, na zilihitajika picha za kuonyesha mafanikio. Mtu mwenye njaa akachora shibe. Kwa kuchora akapona, naye ameyaeleza hayo katika kumbukumbu zake bila kujipamba. Na wale waliobaki na kufa? Simulizi za manusura zasema kwamba baada ya kambi kuhamwa daktari mmoja aliachwa nyuma, kazi yake kuandika majalada ya matibabu ya marehemu. Moyo, ini, tumbo, kila mtu apewe ugonjwa wake, dalili zake na dawa alizopewa. Njaa isiandikwe. Alikaa miezi akiandika. Daktari huyo naye alikuwa mfungwa mwenye mwandiko mzuri, akiwaandikia maungamo watu ambao hawakuweza tena kuyaandika.

Hayo yangebaki hivyo kama si Yang Xianhui. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 19, alipelekwa kufanya kazi katika shamba moja huko Gansu, na pale akayasikia kwa mara ya kwanza jina la Jiabiangou kutoka kwa watu waliokuwa na alama ya mrengo wa kulia. Hakulisahau. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alianza kuwatafuta manusura mmoja mmoja, wazee waliokuwa wamekaa kimya miaka karibu arobaini, akawahoji zaidi ya mia. Alichokifanya baadaye ni ujanja wa halali. Hakuandika historia, maana historia isingechapishwa. Aliandika hadithi fupi, akabadilisha majina, akazitoa kuanzia mwaka 2000 katika jarida la fasihi la Shanghai, na mhariri akaweza kusema kwamba ni hadithi tu. Kwa hiyo katika nchi ambamo maungamo ya uongo yalihifadhiwa kama kweli, kweli ilibidi ijiite hadithi ili ipite. Mwaka 2013 manusura na jamaa za marehemu waliinua jiwe la kumbukumbu pale Jiabiangou. Lilivunjwa baada ya siku chache. Hadithi zimebaki, na Kiingereza chake kilitoka mwaka 2009.

Ile inayokipa jina kitabu cha Kiingereza inahusu mwanamke wa Shanghai. Anafika Mingshui baada ya safari ya siku nyingi kwa treni, amebeba chakula na nguo za baridi za mumewe, daktari, aliyekuwa amejitolea kwa hiari kuacha mji mkubwa na kwenda kuhudumia watu wa kaskazini-magharibi. Mumewe amekufa siku nane zilizopita. Wenzake wa shimoni wanaogopa kumwonyesha mwili, kwa sababu watu wenye njaa wameukuta kabla yake. Wanamzungusha. Wanasema hawajui ulipo. Yeye haondoki. Analia, ananyamaza, anatafuta mwenyewe kati ya vilima vya mchanga, siku ya kwanza na siku ya pili, akigeuza maiti moja baada ya nyingine na kutazama nyuso. Mwisho anamwona. Hakuna anayemwandikisha chochote. Hapewi fomu, na jalada halimsubiri. Wanamsaidia kukusanya kuni na kuuchoma mwili, lakini kuni za jangwani hazitoshi na mifupa haigeuki majivu. Anaifunga katika blanketi, anajitwisha mgongoni, na kuanza safari ya kurudi Shanghai.